Mweleze mama kabla hajachagua njia

Katika kazi ya uuguzi hapa Tanga nimeona kwamba akina mama wengi wanaoacha uzazi wa mpango hawaachi kwa sababu njia imeshindwa kuzuia mimba, bali kwa sababu mwili ulibadilika na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ungebadilika. Kwa hiyo nawaandikia wauguzi wenzangu, hasa mnaoanza kazi katika kliniki za mama na mtoto: maudhi madogo madogo yaelezwe kabla mama hajachagua, si baada ya sindano kuchomwa.

Sindano ya miezi 3 ndiyo inayoleta maswali mengi zaidi. Mama mmoja wa Makorora alikuja ameshika kadi yake, akasubiri chumba kiwe kitupu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Nesi, damu yangu inakwenda wapi?” Hedhi ilikuwa imekatika, na jirani alimwambia kwamba damu inajikusanya tumboni hadi iwe uvimbe. Nilimweleza kwamba dawa huufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba usijengeke kuwa mnene, hivyo hakuna damu inayosubiri kutoka wala inayoganda. Maelezo hayo ni ya dakika 2, lakini alikuwa amekaa na hofu hiyo kwa miezi. Anayechagua sindano ajue pia kwamba baada ya kuiacha mimba inaweza kuchelewa, mara nyingi hadi miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho na wakati mwingine zaidi, ilhali kwa kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kitanzi kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, uwezo wa kushika mimba hurudi mara vinapotolewa. Binti aliyeolewa karibuni, anayetaka kuahirisha kwa mwaka mmoja tu, ana haki ya kulisikia hilo mapema, kwa sababu maneno ya mawifi na mama mkwe atayabeba yeye peke yake.

Matone ya damu yasiyo na mpangilio, ambayo ni ya kawaida kwa kijiti na kwa miezi ya mwanzo ya sindano, yana uzito wa pekee katika mji kama wetu. Mwanamke wa Kiislamu atajiuliza kuhusu swala, funga na tendo la ndoa, na muuguzi anayemwambia “ni kawaida tu” hajamjibu. Mweleze kwamba damu hiyo inaweza kuendelea kwa wiki au miezi, kisha mwachie nafasi amuulize mwalimu wake wa dini au somo wake. Anayemeza vidonge ashauriwe kuvihamishia wakati wa futari au daku mwezi wa Ramadhani unapoingia, ili asivikatize. Akisahau kimoja, akimeze mara anapokumbuka, hata ikiwa ni viwili kwa siku moja; akisahau siku kadhaa mfululizo, aongeze kondomu kwa siku 7.

Kitanzi cha shaba hakina homoni na hukaa miaka 10 au zaidi, ila hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu katika miezi ya kwanza. Mume anayefunga mirija aendelee na kinga kwa miezi 3.

Kabla ya yote hayo, uliza dawa anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti, na efavirenzi, moja ya dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI, hupunguza nguvu ya vijiti, lakini sindano ya miezi 3 haiathiriwi nazo. Naumia ninapoona swali hili likirukwa kwa sababu foleni ni ndefu. Na kwa kila njia, mkumbushe kwamba kondomu pekee ndiyo inayokinga pia Virusi vya UKIMWI na magonjwa ya zinaa.

Mwisho wa ushauri, mwombe mama akueleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya na dalili zitakazomrudisha upesi, kama vile maumivu makali ya kifua, mguu mmoja kuvimba, au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu. Mwambie asingoje tarehe ya kadi. Na akija siku yoyote kuomba kijiti kitolewe, hata kama kimekaa miezi 4 tu, msikilize, mpe maelezo ya njia nyingine akiyataka, kisha kitoe siku hiyohiyo.