Kipandio cha mwisho

Cherehani zangu ziko ghorofa ya pili, Kariakoo. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu kuna vipandio 38, na tangu nirudi kazini na mguu wa bandia nimevijua kimoja kimoja kama ninavyojua vipimo vya wateja wangu wa siku nyingi.

Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Huu wa bandia nilitengenezewa Moshi, palepale hospitali ya KCMC ilipo TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Goti lake ni la kawaida, linakunjika na kunyooka, basi. Halina msuli wa kuninyanyua. Kinachoniweka wima ni paja: kila nikikanyaga nasukuma kigutu, kipande cha paja kilichobaki, kwa nyuma ndani ya soketi, kikombe cha mguu wa bandia kinachokishika, goti linakaza. Nikisahau, linakunjika ghafla.

Watu wakiniona napanda wananionea huruma, kumbe kupanda ndiyo nafuu. Mguu mzima unatangulia na kunibeba, wa bandia unafuata kwenye kipandio hichohicho, mkono umeshika bomba la pembeni. Kushuka ndiyo kazi. Wa bandia unatangulia ukiwa umenyooka, na goti langu la kushoto linakunjika polepole kunishusha. Miezi ya mwanzo, kilichoniuma jioni kilikuwa goti hilo la mguu mzima, si kigutu. Yako magoti yenye kompyuta ndani, kama C-Leg iliyotoka Ujerumani mwaka 1997, yanayokunjika taratibu chini ya uzito wako ukashuka mguu mmoja baada ya mwingine. Mimi nashuka hivi.

Na makonda wetu! "Mguu wa kushoto, mama, mguu wa kushoto!" Kwa abiria wengine ni ushauri mzuri. Mimi nikitanguliza wa kushoto, nabaki mlangoni nimening'inia kwenye goti lisiloweza kunishusha. Siku hizi namwambia konda mapema, gari lisimame kabisa.

Mtaro nauvuka kwa ubavu. Nasimama mguu mzima ukiwa upande wa mtaro, unavuka kwanza, kisha nainua nyonga na kuuvusha wa bandia. Nikivuka kwa mbele, ncha ya kiatu hubaki nyuma na kukwaa ukingoni, nami sina habari, maana wayo ule hausikii kitu. Lazima niutazame. Ndiyo maana madera yangu yote nimeyapunguza yaishie juu ya kifundo. Dada zangu mnaotumia mguu kama huu, punguzeni madera.

Nimeanguka ngazini mara mbili, zote kwenye kipandio cha chini kabisa. Mara ya kwanza nilijilaumu kwa haraka. Ya pili nilipanda tena kuchukua futi ya kupimia nguo, nikapima vipandio vyote nikiwa nimekaa. Kila kimoja sentimita 17, pengine 17 na nusu. Cha mwisho 23. Kinaishia kwenye mchanga wa nje, na mvua za masika zimeuchota mwaka hadi mwaka. Mwenye miguu miwili hushtuka kidogo akaendelea. Mguu wangu unaitafuta ardhi kwenye 17, haupo juu ya kitu, mwili umeshaenda mbele, na unapogusa chini goti tayari limelegea. Na bomba la kushika linaishia vipandio viwili juu ya hapo.

Nilimpelekea mwenye nyumba namba hizo kwenye karatasi. "Mwanangu, ngazi hii ina miaka mingi, hajalalamika mtu," akasema. Nikamwomba ashuke nayo akiwa amefumba macho. Alifika kile cha mwisho, akadaka ukuta.

Kesho yake alileta mwashi. Zege lilipokauka nilipima: 17 na nusu. Bomba bado ni fupi. Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi, na nimemkatia kipande cha kamba chenye urefu ninaoutaka.