Hesabu za 2021 Nilizokataa Kuzisaini

Agosti 2022 mhasibu aliyekuwa akishughulikia kampuni yetu ya Uingereza alinitumia hesabu za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2021. Barua pepe yenyewe ilikuwa na mistari miwili: hesabu zimeambatishwa, tafadhali saini. Faida ilionyesha pauni 21,460 na kodi ya makampuni pauni 3,975.37. Benki, siku hiyo ya mwisho wa mwaka, ilikuwa na pauni 6,312.48 tu. Kampuni ilikuwa ndogo: ilisanifu kurasa za vitabu na majarida kwa wachapishaji, ilikuwa na mkurugenzi mmoja, na mkurugenzi huyo, yaani mimi, hakuwa akiishi Uingereza.

Nilikuwa tayari na kinyongo naye, kwa sababu alikuwa mzito wa kujibu barua. Lakini uzito wa kujibu hausemi mengi kuhusu kazi. Wapo wahasibu wanaojibu kabla hujanywa maji, na vitabu vyao vya hesabu ni jalala. Nikaamua kumpima kwa alama alizoacha kwenye makaratasi, halafu ndipo niseme kama nasaini au la.

Muda ulikuwepo. Kampuni binafsi ya Uingereza ina miezi tisa tangu mwaka wa hesabu uishe kuwasilisha hesabu Companies House, yaani kwa msajili wa makampuni, kwa hiyo mwisho wetu ulikuwa tarehe 30 Septemba. Kodi yenyewe hulipwa ndani ya miezi tisa na siku moja, yaani tarehe 1 Oktoba. Fomu ya kodi, CT600, ina miezi kumi na miwili. Mpangilio huo huwashangaza wengi: unalipa kwanza, unajaza fomu baadaye. Mhasibu anayepanga kazi yake kwa kuangalia tarehe ya fomu peke yake atakuachia riba ya kodi iliyochelewa, naye atakuwa bado "hajachelewa".

Nilianza na yale yasiyohitaji ruhusa yake. Daftari la Companies House liko wazi kwa kila mtu, bure, na kila kampuni ina ukurasa wa historia ya nyaraka zilizowasilishwa pamoja na tarehe zake. Nikatazama hesabu za mwaka uliotangulia: ziliingia kabla ya siku ya mwisho. Taarifa ya uthibitisho, ambamo kampuni huthibitisha kwamba taarifa zake daftarini ni sahihi na ambayo hutolewa kila mwaka ndani ya siku 14 baada ya kipindi chake kuisha, nayo ilikuwa sawa. Hili si dogo. Hesabu zikichelewa hata siku moja faini ni pauni 150. Ukipita mwezi inakuwa 375, ukipita miezi mitatu 750, ukipita sita 1,500, na kampuni ikichelewa miaka miwili mfululizo kiasi hicho huzidishwa mara mbili. Anayetozwa ni kampuni, si mhasibu.

Kwenye ukurasa huohuo nikaona kitu ambacho ningekitilia maanani kwa mhasibu yeyote wa mbali: anwani iliyosajiliwa ya kampuni ilikuwa ofisi yake. Ni kawaida kwa mkurugenzi aliye nje, na ni rahisi. Lakini maana yake ni kwamba barua zote za serikali zinafikia mezani kwake, pamoja na ile ambayo siku moja ingeniarifu kwamba amechelewesha kitu. Dawa yake ni kuwa na akaunti yako mwenyewe kwenye mfumo wa HMRC, mamlaka ya kodi. Mhasibu huingia kwa njia yake kama wakala aliyeidhinishwa; hahitaji nywila yako, na akikuomba nywila hiyo ni sababu tosha ya kuuliza anafanyaje kazi. Nikajisajili. Namba ya kuwezesha akaunti hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyosajiliwa, kwa hiyo ilibidi yeye ndiye anisomee. Alinitumia picha ya barua siku ileile ilipofika. Mwenye la kuficha angeipoteza barua hiyo. Ndani ya akaunti nikakuta kodi ya mwaka uliopita imelipwa kwa wakati, hakuna faini, hakuna deni.

Uanachama wake katika chama cha wahasibu niliuangalia haraka. Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mhasibu, jina hilo halilindwi na sheria, ingawa anayetoa huduma hiyo lazima awe chini ya usimamizi wa sheria za utakatishaji fedha. Vyama kama ACCA na ICAEW vina orodha za wanachama zinazotafutika mtandaoni, na jina lake lilikuwemo.

Hadi hapo alikuwa amefaulu kila mahali. Lakini yote hayo hupima kama karatasi zimefika, hayapimi kama tarakimu zilizomo ni za kweli. Nikamwomba vitu vitano: urari (salio za akaunti zote) wa tarehe 31 Desemba, leja kuu (miamala yote, akaunti kwa akaunti) nzima ya mwaka, orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, ulinganisho wa benki, na mchanganuo wa kodi. Akaleta PDF. Nikamrudishia na kuomba lahajedwali, kwa sababu PDF huwezi kuichuja wala kuijumlisha, na kazi yote niliyotaka kuifanya ilikuwa kuchuja na kujumlisha.

Mchanganuo wa kodi ndio nilioufungua kwanza, maana ndio ulionitia shaka, na ndio uliokuwa safi kuliko vyote. Kutoka faida ya 21,460 alirudisha uchakavu wa kompyuta, pauni 285, kwa kuwa uchakavu wa vitabuni haukubaliki kikodi. Akarudisha pauni 318 za kuwakirimu wateja, ambazo nazo Uingereza hazipunguzi kodi hata kidogo. Kisha akatoa bei yote ya kompyuta, pauni 1,140, kwa msamaha wa uwekezaji wa mwaka. Ikabaki 20,923, na asilimia 19, kiwango cha wakati huo, ikatoa 3,975.37. Hata lile swali la kwa nini faida ni kubwa kuliko pesa ya benki lilikuwa na majibu: gawio, yaani mgao wa faida kwa mwenye hisa, la pauni 6,000 lilikwishatoka na gawio si gharama, na sehemu ya mauzo ilikuwa bado mikononi mwa wadaiwa. Mtu anayemfukuza mhasibu kwa sababu "faida haionekani benki" mara nyingi anamfukuza aliye sahihi.

Benki nayo ililingana hadi senti ya mwisho. Zamani hilo lingenitosha. Siku hizi programu za hesabu huvuta miamala kutoka benki zenyewe, kwa hiyo salio kulingana ni jambo la chini kabisa la kutarajia. Swali ni kila mstari umepelekwa wapi.

Nikafungua orodha ya wadaiwa. Jumla pauni 5,740. Kwenye mstari wa tatu kulikuwa na mchapishaji mmoja mwenye deni la pauni 890 la tangu Mei, safu ya "zaidi ya siku 90". Mchapishaji huyo alilipa wiki ileile aliyopokea ankara, kwa kadi. Nilikuwa na risiti. Chini yake wengine wa aina hiyo. Nilipowaweka pembeni wote waliokwishalipa, jumla yao ilifika pauni 4,475, na deni halisi lilikuwa 1,265 tu. Wote walikuwa na jambo moja: walilipa kwa kadi. Waliolipa kwa uhamisho wa benki hawakuwa na tatizo hata mmoja.

Pesa za kadi haziji kama ankara zilivyo. Kampuni inayochakata malipo hukusanya malipo kadhaa, hukata ada yake, halafu huingiza benki fungu moja. Ankara mbili za pauni 300 na 590 zinaweza kuingia kama pauni 863 na ushee, tarehe tofauti, jina la mchakataji na si la mteja. Programu haipati ankara ya kulinganisha nayo. Njia sahihi ni kuwa na akaunti ya kati: ankara zinalipwa kwa ukamilifu ndani ya akaunti hiyo, ada inatoka kama gharama, na kinachobaki ndicho kinachohamia benki. Njia ya mkato ni kuweka kanuni: kila kinachoingia kutoka kwa mchakataji huyu kiitwe mauzo. Kanuni ikishawekwa inafanya kazi kimya kimya mwaka mzima. Ankara ilikwishahesabiwa kama mauzo siku ilipotolewa. Sasa pesa yake inahesabiwa tena kama mauzo mengine, na ankara inabaki wazi kwenye wadaiwa milele.

Kuthibitisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nikachuja akaunti ya mauzo kwenye leja kwa aina ya muamala. Zilizotokana na ankara: pauni 38,915, sawasawa na jumla ya ankara nilizotoa mwenyewe. Zilizotokana moja kwa moja na benki: pauni 4,343.60. Tofauti kati ya hiyo na 4,475 ni pauni 131.40, ambazo ni ada za kadi, na kweli hazikuwepo popote kwenye gharama. Faida ilikuwa imevimba kwa 4,475 kamili.

Kwa mwenye kampuni iliyo mbali na asiyejua uhasibu, ningeanzia hapo: jumlisha ankara zako zote za mwaka na uweke kando ya mauzo yaliyo kwenye hesabu. Zikipishana, mwambie mhasibu akuonyeshe tofauti kwa majina. Hakuna elimu inayohitajika.

Nikapitia na akaunti ya "gharama nyinginezo", kwa kuwa ndiko vinakotupwa vitu visivyojulikana. Nikakuta pauni 640. Ilikuwa amana ya kukodi mashine ya kuchapia sampuli, amana inayorudishwa mkataba ukiisha, kwa hiyo ni mali ya kampuni na si gharama. Kosa hili lilinipendelea mimi. Kulirekebisha kuliongeza kodi kwa pauni 121.60. Nililiweka kwenye orodha pamoja na lile lingine. Ukimpelekea mhasibu makosa yale tu yanayokuumiza, kuanzia siku hiyo atakusikiliza kama mtu anayetafuta punguzo.

Tulizungumza kwa simu. Hakubisha. Alisema vitabu vya kila robo mwaka huandikwa na msaidizi na yeye hupitia mwishoni. Nikamuuliza alipitia nini. Akasema benki na mchanganuo wa kodi. Nikamuuliza mwaka mzima alinitumia maswali mangapi. Akanyamaza, kwa sababu halikuwepo hata moja. Na hapo kwangu ndipo palipokuwa na kasoro yake, zaidi ya ile kanuni ya programu. Biashara yoyote ina miamala ambayo mtu wa nje hawezi kuijua bila kuuliza: hii pauni 640 ni ya nini, mchapishaji huyu mbona hajalipa tangu Mei, hii iliyotoka ni yako binafsi au ya kampuni? Mhasibu asiyeuliza kitu ameyaweka yote mahali fulani kwa kukisia. Anayeijua kazi yake analeta orodha ya maswali kila mwezi hadi unachoka naye.

Hata hivyo sikuona sababu ya kumwacha. Tarehe zake zilikuwa safi, kodi aliijua, barua hakuzificha. Kuhama mhasibu wiki chache kabla ya siku ya mwisho nako kuna hatari zake: mpya lazima aombe taarifa kwa wa zamani, aidhinishwe upya HMRC, apokee salio za mwanzo ambazo hajazikagua. Nikampa masharti matatu kwa maandishi. Kanuni ile ifutwe na akaunti ya kati ifunguliwe. Orodha ya maswali ije kila mwezi hata kama haina kitu. Orodha ya wadaiwa ije kila robo mwaka, nami niijibu mstari kwa mstari.

Hesabu zilizorekebishwa zilikuja na faida ya pauni 17,625. Kiasi kinachotozwa kodi kilishuka hadi 17,088, na kodi ikawa 3,246.72, pungufu ya ile ya kwanza kwa pauni 728.65. Kama tungeligundua baada ya kuwasilisha, pesa isingepotea moja kwa moja, kwani fomu ya kodi inaweza kurekebishwa ndani ya miezi kumi na miwili baada ya siku yake ya mwisho. Lakini hesabu zisizo sahihi zingekuwa zimekaa kwenye daftari la wazi, na benki au mteja mkubwa angezisoma hapo. Nilisaini, nikamwomba stakabadhi ya Companies House na baadaye ile ya HMRC ya kupokea CT600, pamoja na nakala ya fomu yenyewe. Kodi niliilipa mwenyewe kabla ya tarehe 1 Oktoba, kwa namba ya malipo niliyoitoa kwenye akaunti yangu na si kwenye barua pepe.

Mwisho wa mwezi akanitumia ankara ya pauni 120, "kazi ya ziada ya kurekebisha hesabu". Nikafungua mkataba wa kazi tuliosaini siku ya kwanza. Uandishi wa vitabu kila robo mwaka ulikuwemo, kipengele cha pili, ndani ya ada ya kila mwezi. Nikamrudishia ukurasa huo bila neno lolote. Ankara ilifutwa kesho yake.