Siku moja maishani mwangu: kuchora pwani na mashamba kwa mtindo wa nusu dhahania (mandhari hurahisishwa kuwa maumbo, lakini bado hutambulika)

Saa 12 asubuhi. Natoka na daftari na penseli laini ya 4B tu, rangi zinabaki nyumbani. Jua likiwa bado chini, vivuli huwa virefu na huviunganisha vitu: mti, ua na ardhi vinageuka umbo moja la giza. Nafinya macho mpaka majani yapotee, kisha nachora vijipicha vya sentimita 6 kwa 9 kwa toni tatu pekee: nyeupe ya karatasi, kijivu na nyeusi. Picha isiyosimama kwa toni tatu haiokolewi na rangi. Pwani, kwanza angalia saa za maji kupwa na kujaa. Maji yakipwa, mchanga wenye unyevu huakisi anga na bahari hubaki mstari mwembamba. Ukichelewa saa moja, umbo ulilolifuata halipo tena.

Saa 3. Chumba cha kazi. Turubai ya sentimita 60 kwa 60 imekwisha pakwa jeso, rangi nyeupe ya msingi, mara mbili na kusuguliwa kwa msasa wa 220. Napenda mraba, kwa sababu turubai pana hukuvuta uanze kusimulia mandhari yote. Juu ya jeso napitisha tabaka jepesi la sienna iliyochomwa, kahawia yenye wekundu. Wekundu wake ukichungulia kati ya mapigo ya brashi, buluu ya bahari huchangamka.

Saa 4. Maumbo makubwa, matano hadi saba, kwa brashi bapa ya sentimita 5. Mstari wa upeo nauweka juu au chini, si katikati, maana ukikaa katikati anga na ardhi hugombania jicho.

Kwenye rangi ndiko wengi wanakokwama. Kijani cha moja kwa moja kutoka kwenye tyubu hulifanya shamba zima lipige noti moja. Changanya manjano ya udongo na ultramarini, buluu iliyokoza, kisha ongeza nyekundu kidogo sana. Kijivu kizuri hutoka kwa ultramarini na sienna iliyochomwa: ukizidisha ya kwanza kinapoa, ukizidisha ya pili kinapata joto. Nyeupe ya titani hupoza rangi na kuifanya ifanane na chaki, kwa hiyo sehemu yenye jua naiongezea pia manjano. Tena, akriliki, rangi ninayotumia yenye gundi ya plastiki inayochanganyika na maji, hukauka ikiwa imekoza kuliko ilivyoonekana mbichi, kwani gundi yake huwa na weupe wa maziwa inapokuwa na maji. Jaribu kwenye kipande cha karatasi, subiri kikauke, ndipo uamue. Na maji usizidishe: gundi ikipungua nguvu, rangi haishiki vizuri. Ukitaka tabaka jepesi sana, tumia midiamu ya akriliki, yaani gundi hiyo bila rangi.

Saa 8 mchana. Kisu cha rangi. Napaka tabaka nene, kisha nakwangua likiwa bado bichi ili la chini lijitokeze. Likianza kushika ngozi, acha. Ukilazimisha litachanika vipande. Mchoraji Joan Eardley, aliyechora bahari akiwa nje kwenye upepo huko Catterline, Scotland, ana picha zenye mchanga na nyasi ndani ya rangi. Ukitaka kutia mchanga wa pwani, uoshe kwa maji baridi na uukaushe kwanza. Chumvi huvuta unyevu na kuidhoofisha rangi.

Saa 10. Saa ngumu kuliko zote. Nabakiza kitu kimoja tu kinachotambulika, labda mlingoti au pembe ya paa. Ukiongeza mashua, kisha ndege, kisha uzio, mtazamaji anaanza kuhesabu vitu na maumbo yanakufa. Naigeuza picha juu chini, naipiga picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu, nalinganisha na kijipicha cha asubuhi. Mara nyingi kinachokosekana ni ukingo laini: nafuta sehemu ya mstari wa upeo kwa kitambaa chenye unyevu kabla haujakauka, bahari na anga viingiliane.

Saa 12 jioni. Brashi zinaoshwa kwa sabuni mara moja, maana akriliki ikikauka kwenye nywele haitoki tena. Chini ya taa ya manjano sichanganyi buluu. Vanishi haipakwi leo: penye rangi nene ndani hukaa mbichi kwa siku nyingi hata kama juu pamekauka, na vanishi ya mapema hufungia unyevu huo ikapata weupe kama wa ukungu.