Katani, Chai na Rangi ya Kupuliza: Nilivyochora Ukuta wa Ngamiani

Mchoro ninaoueleza hapa una ukubwa wa futi 4 kwa 4, umejengwa juu ya nusu ya ubao wa kawaida wa plaiwudi, na ndani yake mna jipsamu, katani (nyuzi za mkonge), majani ya chai, kutu ya misumari, rangi ya maji, rangi ya kupuliza na rangi ya mafuta. Shabaha yangu ilikuwa kuweka ukuta wa mtaa na mimea ya Tanga mahali pamoja bila kimoja kuwa pambo la kingine. Michoro mingi ya aina hii hutanguliza ukuta uliochakaa, kisha ndege au ua la rangi kali huchorwa mbele yake, nami sijawahi kuridhika na mpangilio huo, kwa kuwa ua hubaki kama mgeni aliyekuja kupiga picha na kuondoka. Nilitaka mmea ufanye kazi ndani ya mchoro: uchape, ushikilie, utie rangi na upasue.

Mkazi wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, hahitaji kwenda mbali kuona sanaa ya mtaani, ingawa wenye kuiandika hawaiiti hivyo. Katika barabara zetu za namba kuta zimejaa maandishi ya brashi: "Nyumba hii haiuzwi", "Usibandike matangazo hapa", onyo kwa wanaokojoa, namba ya simu ya fundi bomba, kichwa kilichonyolewa vizuri kando ya mlango wa kinyozi. Masika yakipita, kuvu ya kijani hupanda kutoka chini na kuyala maneno hayo, na juu, penye mfereji wa bati uliotoboka, mtini huota ndani ya ufa na kuteremsha mizizi yake juu ya herufi. Nilizunguka kwa baiskeli nikiwa na daftari, nikinakili maneno pamoja na mahali hasa ambapo kuvu au mzizi ulikuwa umeyakatiza. Kwa maoni yangu hayo makutano ndiyo yenye uzuri wote. Neno peke yake ni tangazo, na mzizi peke yake ni mzizi.

Kilichonipa mada ni mwaka 1893. Mwaka huo miche ya mkonge iliyoagizwa na Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, kutoka Florida ilifika katika pwani yetu, na kati ya miche 1,000 iliyoanza safari ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyoujenga mji huu. Mwaka huo huo, huko Ujerumani, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi ua dogo la zambarau lililotoka Usambara, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, kupeleka mbegu zake kwao. Leo ua hilo limo katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, ilhali wengi wetu tunaokaa chini ya milima lilikotoka hatujawahi kuliona. Mmea mmoja uliingia, mwingine ukatoka. Niliamua kwamba tarakimu 1893 zitaandikwa katikati ya ukuta kama namba ya nyumba, bila maelezo yoyote, na kwamba mkonge ndio utakaoshikilia ukuta huo.

Kwa tabaka la chini nilifikiria kwanza chokaa, kwa sababu ndiyo iliyomo katika kuta za zamani, lakini chokaa mbichi huila rangi ya mafuta na kuifanya inate kama sabuni, tena ni nzito. Jipsamu haina ukali huo, na faida yake kubwa kwangu ni kwamba mafundi wa dari wamezoea kuichanganya na katani ili isivunjike, kwa hiyo sikuhitaji kubuni lolote. Niligongea mbao nyuma ya plaiwudi, nikaipaka rangi ya maji pande zote mbili ili unyevu wa bahari usiipinde, kisha nikaikwaruza kwa msasa mkali upande wa mbele.

Katani niliipata kwa bibi mmoja anayesokota kamba, ambaye baada ya shikamoo na maelezo yangu marefu alinitazama na kusema, "Mwanangu, ya kamba huihitaji wewe. Chukua hii fupi, lakini uioshe tena. Ikibaki na utomvu itakuwasha, na hiyo gundi yako haitashika." Niliiosha mpaka maji yakatoka meupe, nikaianika juani, na kweli ilishika. Fungu moja nililikata vipande vifupi vya kuchanganya na jipsamu. Fungu la pili nililiacha refu kwa ajili ya mizizi.

Hapa ndipo kazi iliponifurahisha zaidi. Jipsamu huganda upesi, kwa hiyo nililazimika kuipaka sehemu kwa sehemu, na katika kila sehemu nililaza nyuzi ndefu za katani chini ya tabaka la juu huku ncha zake zikining'inia nje ya ubao. Jipsamu ilipoanza kukaza, ikawa haibonyei kwa kidole lakini bado ina ubaridi wa maji, nilizishika ncha hizo na kuzivuta kuelekea juu. Uzi ulipanda ukipasua uso wa ukuta, na ufa uliobaki ulikuwa na kingo zilizoumuka kidogo kwa nje, sawasawa na ufa unaosukumwa na mzizi kutoka ndani. Hakuna kisu wala patasi inayoweza kutoa ufa wa namna hiyo. Ufa wa kisu huingia ndani, na jicho la mtu aliyekulia kwenye nyumba za mawe hulitambua hilo mara moja. Nyuzi nyingine niliziacha zimetokeza nusu, zikishuka juu ya mahali ambapo maneno yangekuja kuandikwa.

Niliwahi kufikiria pia kuzungushia ubao kamba, kama mchoraji Picasso alivyofanya mwaka 1912 alipouzungushia kamba halisi mchoro wake mmoja, nikaacha. Kamba pembeni ingeigeuza katani kuwa fremu, wakati mimi nilitaka iwe ndani.

Nyuzi zilizotokeza zilikuwa nyeupe mno, na rangi ya brashi juu yake ilionekana kama vazi la kuazima. Nilichemsha majani ya chai ya Usambara mpaka maji yakawa meusi, nikazipaka nyuzi hizo kwa brashi ndogo na kuziacha zikauke, kisha nikapitisha juu yake maji ya siki ambamo nilikuwa nimeloweka misumari yenye kutu. Chai ina tanini, yaani ile kemikali ya ukakasi, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi wenye ubuluu unaofanana na wa mzizi uliolowa mvua. Maji hayo yalipochuruzika juu ya jipsamu yaliacha michirizi ya kahawia kama ile iliyo chini ya kila bati lenye kutu, na sikuifuta. Jambo la kuangalia ni kwamba siki na chuma vikibaki vingi huzila nyuzi taratibu, kwa hiyo nilimalizia kwa kitambaa kilicholowa maji yenye magadi kidogo.

Majani halisi sikuyabandika. Jani likikauka hupoteza kijani chake, hukunjamana na kuvunjika, na vanishi hailiokoi. Badala yake niliyafanya kuwa violezo. Niliokota majani ya mkoko na mchu yaliyoanguka ufukweni, kwa sababu misitu ya mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali, nikayaosha vizuri, hasa ya mchu, ambao hutoa chumvi kupitia majani yake, kisha nikayabana chini ya vitabu yanyooke. Niliulaza ubao chini, nikayapanga majani kuanzia ukingo wa chini kupanda juu, nikayakandamiza kwa vijiwe vidogo na kupuliza rangi ya kijani cha kuvu kutoka juu kabisa, kwa tabaka nyembamba, asubuhi kabla upepo haujaamka, nikiwa nimevaa barakoa. Palipokuwa na jani pakabaki ukuta. Vijiwe navyo viliacha alama za mviringo mithili ya matone ya mvua, jambo ambalo sikulipanga na ambalo watazamaji wengi hulisifu kuliko mengine yote.

Maneno "Nyumba hii haiuzwi" niliyakata kwenye filamu kuukuu za eksirei, kwa kuwa karatasi hulowa na kuinama. Kila herufi yenye tundu inahitaji kidaraja cha kulishika tundu lake lisidondoke, na Kiswahili kimejaa "a", basi kisu kilipata kazi. Rangi ya kupuliza ya maneno ilikuja baada ya rangi zote za maji. Kinyume chake hubanduka. Mahali ambapo katani ilikuwa imetokeza, rangi ilikamatwa na nyuzi na neno "haiuzwi" likakatika lenyewe, kama nilivyokuwa nimelinakili mtaani.

Maua ya Usambara ni matano tu, madogo, yameota ndani ya ufa karibu na tarakimu 1893, mahali penye kivuli, kwa kuwa porini huota kwenye miamba yenye unyevu na si juani. Niliyachora kwa rangi ya mafuta ya kopo dogo, ile inayopakwa baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, ambaye alipata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alitumia rangi ya namna hiyo juu ya hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960, na sioni sababu ya mchoraji wa Tanga kuionea haya. Ung'aavu wake uliyatenga maua na ukuta uliofifia bila mimi kuongeza ukubwa wala idadi.

Vanishi ya mafuta niliikataa kwa sababu hugeuka njano. Nilitumia ya maji isiyong'aa, na maua sikuyagusa. Mchoro umetundikwa katika ofisi ya rafiki yangu, kwenye ukuta usioelekea baharini, kwa skrubu nne, maana msumari peke yake hauwezi uzito ule. Wateja wake huzishika nyuzi, na watoto huzivuta. Nimewaruhusu, na nyuma ya ubao nimefunga kishada cha katani iliyokwisha kutiwa chai na kutu, pamoja na kichupa cha gundi, ili uzi ukitoka rafiki yangu mwenyewe aweze kurudishia mwingine.