Msalaba Haukai Katikati

Mwaka 2014, wiki mbili kabla ya Pasaka, masista wa nyumba moja ya mafungo kusini mwa Uingereza waliamua wanataka mzingile, yaani njia ya mizunguko ambayo mtu huitembea hadi katikati. Mahali penyewe palikuwa kipande cha majani nyuma ya kikanisa chao, upana mita 10, kina mita 9. Upande wa mbele kulikuwa na kijia cha changarawe, na upande wa nyuma ua wa miti mnene uliopita urefu wa mtu. Mimi nilikuwa mtunza bustani wao. Kazi ya matofali alipewa fundi mmoja mzee kutoka Tanga, ambaye alipoelezwa anachotakiwa kujenga aliniuliza pembeni, "Mwanangu, hii ni njia au ni adhabu?"

Sista mkuu alitaka ule wa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Aliwahi kufika huko, si Ijumaa ambapo viti huondolewa, akaukuta umefunikwa na viti vya waumini, na nadhani hamu ilitokana na kule kuukosa. Mzingile wa Chartres ulitandazwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13. Una mizunguko 11 na upana wa karibu mita 12.9, na njia yake haizidi sana sentimita 34. Ukiubana uingie kwenye mita 9, njia inabaki sentimita 24 hivi, na hapo hujaondoa unene wa tofali. Mtu angetembea kama anayevuka mto juu ya gogo. Tukakubaliana tuchore ule wa kale wa mizunguko 7, unaoonekana kwenye sarafu za Knossos, Krete. Ndio pia uliochorwa nyuma ya kibao cha udongo kule Pylos, Ugiriki, yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo, na ndio ambao watu wa pwani za Sweden waliupanga kwa mawe.

Jambo moja hunichekesha kila nikiona sarafu hizo. Hadithi ya Wagiriki inasema shujaa Theseus alihitaji uzi wa Ariadne, binti wa mfalme wa Krete, ili atoke kwenye mzingile alikomuua Minotauro, yule nusu mtu nusu fahali. Mzingile uliochorwa pale una njia moja tu, isiyo na njia panda hata moja. Ukiendelea kutembea utafika katikati, ukigeuka utatoka. Uzi ungefaa kwenye mzingile wa kupoteza watu, kama ule wa ua wa miti kwenye kasri la Hampton Court, Uingereza, ambako ujanja ni kuweka mkono kwenye ukuta mmoja na kutouondoa hadi ufike.

Mchoro huanza na mbegu, yaani umbo dogo la msalaba na pembe ambalo mizunguko yote hutokea. Tulipanga kila mstari uwe sentimita 60 kutoka kwa mwenzake. Basi msalaba una mikono minne ya mita 1.2, na kuuzunguka kuna mraba wa mita 2.4 kwa mita 2.4, wenye kigingi kila pembe. Kabla ya kugongomea, pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala: ni lazima upate mita 3.39 pande zote mbili, la sivyo mraba umelala. Ndani ya kila robo chora kona ya L, sentimita 60 kutoka kwenye mikono ya msalaba, kila mguu wake sentimita 60.

Kisha unaunganisha. Kichwa cha msalaba kinapigwa upinde hadi ncha ya jirani kulia. Unarudi kushoto, unachukua ncha inayofuata, unaizungusha juu ya upinde wa kwanza hadi ncha inayofuata kulia. Vigingi vya pembe vinahesabiwa kama ncha. Kushoto moja, kulia moja, mpaka ncha 16 ziishe: pinde 8, na katikati ya pinde hizo mizunguko 7. Ukiruka ncha moja, njia inajifunga yenyewe, na mtu anaweza kuzunguka humo mpaka jua lizame.

Kamba ya kuchorea pinde za juu haifungwi kwenye kichwa cha msalaba. Ina kigingi chake cha tano, sentimita 30 kulia kwa kichwa hicho, na inaongezwa kwa sentimita 60 kila mara: 30, 90, mita 1.5, 2.1, 2.7, 3.3, 3.9, 4.5. Pinde zikishuka pembeni, kamba inahamia kwenye vigingi vya pembe.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima kiwanja, nikapata kati yake kamili, mita 5 kwa mita 4.5, nikausimamisha msalaba hapo. Palionekana pazuri. Tulimwaga unga wa ngano juu ya kila mstari, tukafurahi hadi upinde wa sita, mita 3.3. Kamba iligusa ua. Bado pinde mbili, na mbele yetu ni miti.

Mzee hakusema kitu. Alikaa juu ya toroli akawasha sigara. Nilirudi kwenye karatasi, nikahesabu vizuri kwa mara ya kwanza. Mzingile huu haukui sawa pande zote. Kutoka katikati ya msalaba unapanda nafasi 9 na nusu, unashuka 4, kushoto 7, kulia 8. Kwa sentimita 60, jumla ni mita 9 kwa mita 8.1, na kiwanja kilitosha kabisa. Ila msalaba ulitakiwa ukae mita 2.85 kutoka kijia cha changarawe na mita 4.7 kutoka ukingo wa kushoto, yaani chini sana, mahali ambapo jicho linakataa. Kila mchoro mdogo wa kitabuni unaonyesha mbegu peke yake katikati ya ukurasa, na ndiyo maana watu hunaswa.

Usiku mvua ikaosha unga wote. Kwa kweli ilitusaidia. Asubuhi tulichora upya kwa mchanga mkavu, na kamba ya nailoni tukaitupa, kwa kuwa inavutika na upinde wa nje hautui pale ulipoanzia. Kabla ya kukata jani hata moja tulitembea njia nzima. Ukiingia unaanza na mzunguko wa tatu kutoka nje, kisha wa pili, wa kwanza, wa nne, wa saba, wa sita, wa tano, halafu kati. Namba zikija tofauti, kuna upinde umekosewa.

Kuta zote zilifika mita 107 na ushee, kwa hiyo matofali kama 500 yaliyolazwa kichwa kwa kichwa, na mchanga wa kutandika karibu nusu tani. Mfereji una upana wa sentimita 11 na kina cha 10: mchanga sentimita 2 na nusu, tofali sita na nusu, inabaki sentimita moja chini ya udongo ili mashine ya kukata majani ipite juu. Kwenye pinde mbili za ndani mzee alikata matofali nusu nusu, maana tofali zima kwenye mduara wa sentimita 30 linafanya pembe, si upinde. Tulichokosea hapo ni kununua matofali ya mitumba bila kuchagua. Yale mekundu laini, yaliyotoka kuta za ndani za nyumba, yalinyonya maji, na baridi ya kwanza ikayabandua nyuso.

Wa kwanza kuingia alikuwa sista mzee mwenye kigari cha kutembelea. Njia kati ya matofali ilikuwa sentimita 50, kigari chake karibu 60. Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Magurudumu yakapita juu ya matofali yaliyozama bila kukwama, naye akaendelea taratibu, huku mzee wa Tanga akimfuata kwa macho kutoka kwenye ua na kuhesabu kwa vidole: tatu, mbili, moja, nne, saba.