Kamati ya Kwenda Kuona Tembo

Mama yangu alifua nguo za watalii kwa zaidi ya miaka ishirini, katika nyumba ya wageni hapa Moshi. Akishika soksi tu alikuwa anajua mwenyewe katoka mlimani au katoka mbugani. Vumbi la Tarangire alilifahamu kama sisi tunavyofahamu unga wa sembe. Lakini tembo alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye noti ya elfu kumi.

Alipoacha kazi, mwaka 2019, kaka yangu akaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba safari hii lazima Mama apelekwe mbugani. Nadhani siku hiyo alikuwa ameshiba vizuri. Kufikia jioni ahadi za michango zilikuwa zinamiminika, na Jumapili iliyofuata tukajikuta watu kumi na mmoja sebuleni kwa shangazi, Majengo, tumeunda kamati.

Kwetu jambo halipangwi bila kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, msiba ndiyo usiseme. Shangazi alikalia uenyekiti bila kupigiwa kura. Mke wa kaka akawa mweka hazina. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu ndiye niliyekuja na kalamu. Mama hakuitwa, mwenye shughuli hakai kwenye kamati.

Ajenda ya kwanza, tuende wapi, ilikula saa mbili nzima. Binamu zangu walitaka Serengeti, kwa kuwa ukisema Serengeti hata mtu wa Dar anakuelewa. Mimi nilikuwa nimeshamdodosa rafiki yangu anayeendesha watalii Arusha, nikawaeleza: kwa njia ya Karatu mnapita ndani ya Ngorongoro, na kule hata kupita tu kunalipiwa. Kurudi siku hiyo hiyo hamtaweza, na kulala mbugani si bei ya kuchangishana. Halafu hao nyumbu mnaowasema, Septemba wako kaskazini kabisa, upande wa Mto Mara. Kreta ya Ngorongoro nayo kushuka kunataka gari la fowili, na sisi bajeti yetu ilikuwa ya Kosta. Baba mdogo akapendekeza Hifadhi ya Arusha, ni karibu, na kwenye maziwa ya Momela kuna flamingo. Shangazi akamkata kauli: "Flamingo ni ndege, shemeji angu ndege anawaona bustanini."

Alitaka kusema "wifi angu", yaani Mama, lakini akishapandisha sauti hasahihishwi.

Ikabaki Tarangire. Kutoka Moshi ni kama kilomita 200, lami inakufikisha hadi Kwa Kuchinja, unakata kona, lango liko mbele kidogo. Wote wakakubali, nikafikiri tumemaliza. Kumbe swali la lini ndilo lililotaka kuivunja kamati. Ukoo mzima unarudi nyumbani Krismasi, kama Wachaga wote, kwa hiyo wengi walitaka Desemba. Nikasimama kupinga, na sisimami mara nyingi. Tarangire inajaa tembo wakati wa kiangazi kwa sababu kila mahali pengine pamekauka na mto ule ndio wenye maji. Vuli ikishanyesha, makundi yanatawanyika kwenda nje, kule nyika za Simanjiro, kwenye majani mabichi. Ukienda Desemba utaona mibuyu. Mibuyu ni mizuri, sikatai, ila Mama hakufua miaka ishirini aje kuonyeshwa mibuyu. Tukapiga kura, Septemba ikapita kwa kura moja, na binamu wa Dar hadi leo ananikumbusha.

Kosta ilipatikana upesi, ile ile inayobeba abiria wa Moshi–Arusha.

Kikao cha tatu kilikuwa cha sare. Shangazi alikuja na jora la kitenge cha bluu iliyokolea, chenye maua meusi, bega kwa bega na fundi wake. Siku hiyo Mama alipita kuchukua sufuria, akakiona.

"Wifi, rangi hii ndiyo ya mbugani?"

"Ina nini?"

"Sijui ina nini. Ila mimi pale nimefua kaki, nimefua kijani, nimefua kahawia. Bluu ya kwenda Tarangire sijawahi kuifua."

"Ah, wifi, wazungu nao wanajua kuvaa?"

Sebule nzima ikacheka, na mimi nikiwemo. Kwenye muhtasari niliandika: sare imepita. Yule rafiki yangu dereva sikumuuliza. Nani anamuuliza dereva mambo ya vitenge?

Tulipanga kuondoka saa kumi alfajiri, tukaondoka saa kumi na mbili. Mama alipanda gari amevaa gauni lake la kahawia la siku zote na khanga iliyopauka. Shangazi alinuna mpaka Usa River. Langoni mke wa kaka akatoa bahasha ya michango, akaambiwa hawapokei fedha taslimu. Jambo hilo nilikuwa nimelisema na liko kwenye muhtasari, ila muhtasari nani anausoma? Tukahangaika na simu kutafuta mwenye salio la kutosha. Zaidi ya nusu saa ikaenda.

Ila tembo tuliwaona. Walikuwa mtoni chini, wengi kiasi kwamba watoto waliacha kuhesabu, wakichimba mchanga kwa miguu na mikonga kutafuta maji masafi. Mama alishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Hakusema kitu muda mrefu, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Na hawa wanakaa hapa siku zote, saa zile mimi niko kwenye beseni?" Hakuna aliyemjibu.

Tulipoingia kwenye vichaka ndipo ndorobo wakaja. Wengine huwaita mbung'o. Gari likienda wanalifuata, na sisi madirisha tuliyafungua yote kwa ajili ya picha. Wale wadudu wanapenda bluu, wanapenda nyeusi, na wanauma juu ya kitambaa bila wasiwasi. Shangazi alipigwa mgongoni akapiga yowe, baba mdogo akawa anajichapa kama mtu aliyepandwa na mapepo, watoto wanalia, dereva anacheka. Mama, kwenye gauni lake la kahawia, alikuwa anawafukuzia wenzake kwa khanga. Yeye mwenyewe sikumwona akijikuna hata mara moja.

Mbele kidogo, kwenye tawi la mti, kilikuwa kimening'inizwa kipande cha kitambaa, bluu na nyeusi, kikipepea. Ni mtego. Kinapakwa dawa, ndorobo wanakifuata, wanatua, wanakufa.

Mtoto wa kaka akakinyooshea kidole. "Bibi, ona! Na hao wana sare kama yetu!"

Mama akakitazama, akamtazama wifi yake aliyekuwa bado anajikuna.

"Hao," akasema, "ndio kamati kuu."