Kiwanda changu cha alizeti Misigiri: fedha zilikokwenda na zilikotoka

Mwezi wa sita mwaka 2019 nilisimama mbele ya mashine yangu mpya ya kukamua alizeti hapa Misigiri, wilaya ya Iramba mkoani Singida, nikiwa nimebakiwa na shilingi milioni moja na laki mbili. Banda limeezekwa, umeme wa fezi tatu umeingia, chujio limefungwa. Milioni 21 zilikuwa zimekwisha, yaani akiba ya miaka tisa ya kutunza stoo kwenye kampuni ya ujenzi Dar es Salaam, pamoja na pesa za kiwanja nilichouza Mbagala. Gunia la alizeti siku hizo lilikuwa 38,000. Nilichobakiwa nacho kilitosha magunia 31. Mashine inakamua magunia 25 kwa siku. Nilikuwa na kiwanda kizima, na malighafi ya siku moja na robo.

Kila wiki napigiwa simu na ndugu au mtu tuliyesoma naye, anataka kuwekeza kwenye kilimo biashara, na swali la kwanza ni lilelile: mashine bei gani? Naandika haya kwa ajili yao, maana wanaanzia palepale nilipokosea mimi.

Kwa nini alizeti, hilo halikunisumbua kichwa. Aliyewahi kupita barabara ya Dodoma kwenda Mwanza ameyaona madumu ya mafuta ya njano yamepangwa kandokando tangu Singida mjini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine inakatika mapema. Mahindi yakinyauka, alizeti bado imesimama kwa sababu mzizi wake unakwenda chini sana. Mama yangu amelima ekari nne za alizeti tangu nikiwa mtoto. Nchi nayo haijitoshelezi kwa mafuta ya kula, sehemu kubwa yanatoka nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Soko lipo, mkulima yupo, katikati panahitajika mtu wa kukamua. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Nilichokuwa sikijui ni kalenda.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, mnunuzi wa mazao wa siku nyingi, aliyepita kuangalia mashine wiki ya kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona umeshafunga."

"Nimefunga, nashukuru Mungu."

"Na ya kuilisha umeweka wapi?"

Nikamwambia nitanunua kadiri nitakavyouza mafuta. Akatikisa kichwa. "Alizeti inavunwa mwezi wa tano na wa sita. Ukifika wa nane, wenye malori wameshaibeba. Mashine yako inataka kula mpaka mwezi wa nne mwakani."

Ilikuwa kama alivyosema. Mwezi wa tisa nilizunguka vijiji vya kuelekea Kiomboi nikatafuta alizeti kwa tochi. Iliyokuwepo ilikuwa ghalani kwa watu wenye mtaji, na walitaka 52,000 kwa gunia. Kwa bei hiyo ukikamua unajichosha bure.

Mwaka huo na uliofuata niliishi kwa kukamulisha. Mkulima analeta magunia yake matatu au manne, namkamulia, anaondoka na mafuta yake na kuniachia mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, kama malipo. Wengine hutoza pesa taslimu, lakini watu wangu hawakuwa na pesa mkononi, na mashudu walikuwa hawana pa kuyapeleka. Nami niliyapokea kama mtu anayepokea deni baya. Nikayarundika nyuma ya banda, nikawauzia wafuga kuku na wenye ng'ombe wa maziwa kwa ndoo, bei ya kutupa. Hadi lilipokuja lori kutoka Arusha. Dereva akashuka, akachukua konzi moja, akanusa, akauliza nina tani ngapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watengeneza vyakula vya mifugo wa Arusha, na wa ng'ambo ya Namanga nchini Kenya, wanayahitaji mashudu yetu, na wanalipa siku hiyohiyo. Tangu hapo nayahifadhi kwenye mifuko, juu ya chaga, mbali na mvua, na bei yake naiulizia kila Jumatatu kama ninavyoulizia ya mafuta.

Niingie kwenye hesabu ya gunia moja, maana hapo ndipo biashara yote ilipo. Gunia letu lina kilo 65. Alizeti ya Record, mbegu ambayo wakulima wengi huchagua tu kutoka kwenye mavuno yao, inanipa lita 17 hadi 19. Mashudu ni kama kilo 42. Zinazobaki ni unyevu, takataka na machicha ya kwenye chujio. Mchanga ndio adui mkubwa, unakula skrubu ya mashine. Mwaka wa kwanza nilichomelea skrubu mara tatu, na kila mara ni siku mbili za kusimama. Siku hizi hakuna gunia linaloingia kwenye mashine bila kupita kwenye chekecheke, hata kama mteja ana haraka ya basi.

Kosa la alizeti mbichi nalo lilinifundisha. Nilinunua magunia 60 kwa bei nzuri, nikafurahia bei nikasahau kuuma punje. Punje iliyokauka inalia kwenye jino, ile ilikuwa inabonyea. Baada ya wiki tatu ukiingiza mkono katikati ya gunia unahisi joto. Mafuta yalitoka meusi na ukali kooni. Sikuyauza ya kupikia. Niliyatoa kwa mtengeneza sabuni, na fedha iliyorudi ilikuwa chini ya nusu ya niliyotoa.

Upande wa mafuta yenyewe, kwa miaka miwili nilikuwa nauza yaliyochujwa tu. Wateja wa Dar es Salaam wakawa wananipigia kwamba yakiwekwa jikoni yanapanda povu hadi nje ya karai. Povu hilo si uchafu. Ni utomvu wa asili ambao mafuta ghafi hubeba kutoka kwenye mbegu, na chujio la kitambaa haliuzuii. Dawa ni kuyapasha, kuyatia maji kidogo ya moto ili utomvu uvimbe na kuzama, kisha kupunguza tindikali kwa soda kali iliyopimwa vizuri, kuyaosha, kuyakausha na kuyachuja tena. Nilijifunza kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, pale Singida mjini, na haohao ndio walionielekeza njia ya kupata alama ya ubora ya TBS. Ilichukua muda kuliko nilivyotarajia. Lakini chupa yenye alama ile inaingia dukani, dumu lisilo nayo linabaki barabarani kusubiri abiria.

Nirudi kwenye mtaji, ndiko kilio kilipo.

Mwaka 2021 tuliungana wanawake watano, tukasajili kikundi, tukaomba mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Tulipata milioni 12. Wenzangu wawili walitaka tununue mashine ya pili. Tulibishana jioni tatu nzima. Mwishowe tulikubaliana pesa yote iende kwenye alizeti na ghala la kupanga, hata shilingi moja isiende kwenye chuma. Mwezi wa sita tulinunua magunia 210 kwa 55,000, kwa mizani iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, tuliikataa mlangoni. Mkulima akiona kilo zake zinasomwa mbele ya macho yake, mwaka unaofuata anakuja mwenyewe na kumleta jirani.

Mashine ikafanya kazi mwaka mzima kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumebakiza magunia 70 wakati vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022. Ukraine na Urusi ndizo zinazoongoza duniani kwa alizeti, na bei ya mafuta ya kula ilipanda kila mahali. Dumu la lita 20 tulilokuwa tunauza 85,000 likafika 110,000. Tulirudisha mkopo kabla ya muda. Tulijiona tumeshaijua kazi.

Mavuno ya 2022 kila mtu alitaka alizeti. Gunia lilikuwa 75,000 nasi tukanunua 320, kwa faida yetu na mkopo wa benki wa milioni 10. Tulinunua wiki ya kwanza ya Juni. Ushuru wa mafuta kutoka nje hupangwa kwenye bajeti ya serikali, na bajeti husomwa bungeni Dodoma katikati ya Juni, wakati uleule wa sisi kujaza maghala. Mwaka huo kodi ya mafuta ya kula kutoka nje ililegezwa ili kumpunguzia mlaji makali ya bei. Siwezi kulaumu, hata jikoni kwa mama yangu mafuta yalikuwa yanapimwa kwa kijiko. Ila meli ziliingia, na kufikia Januari 2023 dumu letu lilikuwa 65,000, ghalani kukiwa na magunia 120 ya bei ya juu.

Tulikaa na daftari. Gunia moja: mafuta lita 18 ni 58,500. Mashudu kilo 42 kwa shilingi 500 ni 21,000. Jumla 79,500. Tulilinunua 75,000, umeme na vibarua 6,000. Hasara shilingi 1,500 kwa gunia, ukiacha riba ya benki. Mwenzangu mmoja alilia. Mimi niliangalia mstari wa mashudu nikamshukuru yule dereva wa lori. Kama tungeendelea kuyauza kwa ndoo, tungepoteza mara kumi na zaidi ya pale, na leo kusingekuwa na kiwanda cha kusimulia.

Aliyeumia zaidi yetu ni mkulima. Kwa bei ya 2022 watu walilima alizeti hadi kwenye viwanja vya nyumba, na mavuno ya 2023 gunia likashuka hadi 35,000. Nilimwona mzee mmoja amekaa juu ya magunia yake kando ya lami kutwa nzima, jioni akayarudisha nyumbani na mkokoteni. Sisi tulikuwa na wakulima 60 tuliowakopesha mbegu chotara, Hysun 33, kilo mbili kwa ekari, kwa makubaliano ya kukatana wakati wa mavuno. Tuliwalipa 40,000. Wengine walituambia tunajipunja, na kwa siku ile walikuwa sahihi. Msimu uliofuata wakulima wengi walihamia mtama na vitunguu, mashine za watu zikakaa zimefunikwa turubai. Wale 60 walipanda tena, na 2024 tulipata magunia 410 bila kuzunguka vijijini kutafuta.

Chotara ina gharama, kwa sababu mbegu yake huwezi kuirudia, kila mwaka unanunua upya. Ila ganda lake ni jembamba na gunia linanipa lita 22 hadi 23. Mkulima mmoja wetu ana mizinga ya nyuki pembeni ya shamba, na vichwa vyake vya alizeti vimejaa punje mpaka katikati, kuliko vya wote. Msimu huu wengine wanane wameweka mizinga. Asali nayo inauzika, ingawa hiyo ni biashara yao, mimi sijaigusa.

Siku hizi nanunua kwa awamu. Theluthi moja mwishoni mwa Mei, kisha nasikiliza hotuba ya bajeti nikiwa na daftari, ndipo naongeza. Naacha pesa ya dharura ya skrubu na ya siku za kukatika umeme, maana mwishoni mwa 2023 mgao ulitufanya tukamue usiku wa manane. Na anayenipigia kuuliza bei ya mashine namjibu kwa swali la yule mzee. Mwenye milioni 20 namwambia aweke saba kwenye mashine, hata iliyotumika, na 13 kwenye alizeti iliyokauka. Wengi hawanipigii tena. Wawili walifanya hivyo, mmoja yuko Mkalama, na mwezi uliopita aliniazima magunia 40 nilipopungukiwa.

Juzi mama ameleta magunia yake 18, akataka yapimwe ya kwanza kabla foleni haijawa ndefu. Yalisoma kilo 1,188. Nikamlipa, akahesabu mara mbili, akauliza tutayaweka wapi maana ghala limejaa hadi mlangoni. Fundi ameshachimba msingi wa ghala la pili, nyuma ya banda palipokuwa na rundo la mashudu. Mashine ni ileile ya 2019.